Meza ya Pembeni

Jumatano, 27 Novemba

Presha 142 kwa 86.

Mjukuu wangu, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyenipa daftari hili. Kasema kila asubuhi niandike presha yangu. Nikamuuliza, presha ni namba mbili na daftari lina kurasa mia na zaidi, hizo nyingine nizifanyie nini? Akasema, "Andika na kinachoipandisha, Bibi."

Haya. Kinachoipandisha ni Padre.

Alhamisi, 28 Novemba

Presha 144 kwa 88.

Niliishia darasa la nne kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo wa kubebwa, si kwa sababu sikuwa na akili. Hilo liandikwe mwanzo kabisa.

Mimi ni mtunza sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare panapokaa mavazi ya padre na vyombo vya Misa. Mwaka wa thelathini na moja huu. Nafua vitambaa vya altare, natia wanga, napiga pasi. Maji ya kwanza ya kufulia simwagi mferejini. Namwaga kwenye udongo safi nyuma ya kanisa, maana huenda yamebeba chembe ya Mwili wa Bwana. Mchana nampikia Padre, kwa sababu akiachwa peke yake atakula mkate mkavu huku anasoma, na hajui kama ameshiba.

Huyu ni padre wa nne kwangu. Ana miaka arobaini na kitu, mrefu, sauti ya chini, na anafikiri kupita kiasi. Jumapili iliyopita mshumaa mmoja wa altare ulikuwa umepinda. Nikainuka kwenda kuunyoosha, naye yumo katikati ya sala. Baada ya Misa, mbele ya Katekista, mbele ya wanakwaya wote, mbele ya yule mwimbaji wa sauti ya kwanza asiyeniamkia, akaniambia: "Bibi, Misa ikishaanza wewe ni muumini kama wengine. Kaa chini, usali."

Kaa chini. Mimi niliyemwonyesha kwamba mlango wa kabati la mavazi unasukumwa kwanza ndipo unavutwa.

Jumamosi, 30 Novemba

Presha 146 kwa 88.

Amri mpya. Mapadre watatu waliotangulia waliniachia niweke siborio juu ya altare kabla ya Misa. Siborio ni kile kikombe kikubwa chenye mfuniko, zinamokaa hostia, vile vimkate vya Komunyo ya watu. Huyu amesoma kitabuni kwamba ikae kwanza kwenye meza ya pembeni, iletwe altareni wakati wa matoleo, ndipo azigeuze kuwa Mwili wa Bwana pamoja na hostia yake. Nikamuuliza nani ataileta.

"Katekista."

Katekista ni mtu mwema, lakini akishaanza kuimba husahau hata jina la mkewe.

Kesho yanaanza Majilio, wiki nne za kungojea Noeli. Nimetoa kasula ya zambarau, lile joho la juu la Padre. Kwenye meza ya pembeni kuna chombo cha maua ya harusi ya leo, kikubwa kama ndoo. Siborio nimeiweka nyuma yake, palipobaki nafasi. Alitaka meza ya pembeni, amepata meza ya pembeni.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Kanisa lilijaa. Sina la kuandika.

Jumatatu, 2 Desemba

Presha 168 kwa 99. Mjukuu kapima mara mbili.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana tangu anatambaa anadai marehemu babu yake alikuwa mume wake, "hiyo mashine yako imelowa."

"Mashine ni kavu, Bibi. Wewe ulilala?"

Sikulala. Alfajiri amefariki Fundi Saa, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alitengeneza saa miaka hamsini na hakufika popote kwa wakati hata siku moja. Nilikwenda kumchotea maji mkewe na kupanga viti. Nimerudi, nimefunga mlango, na sasa naandika ya jana.

Jana wakati wa matoleo Katekista alileta altareni kikombe cha divai na sahani ya hostia ya Padre. Siborio hakuileta. Ilibaki nyuma ya maua. Padre kutoka alipo haoni nyuma ya maua. Mimi nakaa benchi la kwanza upande ule, niliiona na mfuniko wake unang'aa. Nilikuwa na muda wa kuinuka. Hatua tisa, najua kwa sababu napiga deki pale. Nikasema moyoni: mimi ni muumini kama wengine, nimeambiwa nikae chini. Nikakaa. Kengele ya mageuzo ikalia, Padre akainua hostia yake peke yake, na ya watu ikabaki mkate.

Wakati wa Komunyo Katekista akaifuata siborio pale mezani, akampa Padre, na Padre akagawa. Watu wakajipanga, wakapokea, wakarudi wameinamisha vichwa. Mimi sikwenda kupokea. Hakuna aliyeniona, kila mtu alikuwa na macho yake chini.

Jioni, mvua bado, Padre akapita kwangu na kijisanduku cha Komunyo ya wagonjwa kifuani, anakwenda kwa Fundi Saa. Nilifikiri: labda amechukua hostia za wiki iliyopita. Nilifikiri pia: labda hakuchukua. Nikamwambia afunge vifungo vya koti.

Leo Fundi Saa amekufa.

Jumatano, 4 Desemba

Presha 165 kwa 97.

Tumezika. Mvua ilipungua kidogo kaburini, kisha ikarudi. Mjane hakulia mbele za watu. Alikataza mtu yeyote asiingie chumba cha kazi cha marehemu hata kuchukua viti.

Alhamisi, 5 Desemba

Presha 170 kwa 100.

Padre kaja jikoni asubuhi, kamba za viatu hazijafungwa. Kasimama mlangoni.

"Bibi, jana namwagia maji matakatifu jeneza, nikakumbuka mkono wangu. Siku zote kabla ya mageuzo naondoa mfuniko wa siborio. Jumapili mkono wangu haukugusa mfuniko. Uliiweka wapi?"

"Meza ya pembeni. Kama ulivyoagiza."

"Katekista aliileta wakati wa matoleo?"

Nilikuwa namenya viazi. Nikasema, "Sikuona."

Neno moja hilo, limetoka laini kabisa. Akashukuru, akaenda.

Jumamosi, 7 Desemba

Presha 163 kwa 96.

Katekista amekiri. Kwanza aliapa aliileta, kisha akasema hakumbuki, kisha akakaa kwenye ngazi za sakristia akasema, "Padre, niliichukua palepale mezani wakati wa Komunyo. Nilidhani wewe ndiye uliyeirudisha." Uso wake ulikuwa kama mtu aliyeangusha mtoto.

Padre hakumkemea. Nilitamani amkemee. Mtu akikemewa jambo huisha.

Hostia ya Fundi Saa aliitoa siborio ileile mara baada ya Misa, amesema mwenyewe. Zile zilizobaki alikwisha kuzichanganya na nyingine tabernakuloni, kile kisanduku zinamotunzwa, hajui ipi ni ipi, basi leo asubuhi ameziweka zote altareni na kuzigeuza kwa tahadhari, maana zimo za mkate tu. Mlango umefungwa, tupo watatu. Nimesimamia mishumaa na sikusema kitu.

Jumapili, 8 Desemba

Presha 160 kwa 95. Siborio ililetwa. Padre aliitazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Mjane alikuwepo, hakwenda kupokea. Nikajisemea: amejua alichopewa mumewe.

Jumatano, 11 Desemba

Presha 158 kwa 95.

Vitambaa havikauki. Nimevitandaza jikoni juu ya viti, na Padre kaja kukaa katikati yake na karatasi zake za mahubiri ya Noeli. Haandiki. Anaongea, mimi napiga pasi.

"Bibi, watu mia mbili na zaidi walipokea. Hakuna aliyeshtuka."

"Washtuke nini?"

"Ndilo ninalouliza. Walirudi kwenye mabenchi wamefumba macho, nyuso zilezile za kila Jumapili. Na mimi mwenyewe. Miaka kumi na sita vidole hivi vinashika Mwili wa Bwana, siku vimeshika mkate mtupu havikujua. Kama sioni tofauti, nimekuwa nikifanya nini?"

"Ulikuwa unafanya kazi. Kula."

Hakula. Akaniuliza: "Wewe unaamini, Bibi?"

Nikamwambia nina pasi ya moto mkononi. Lakini nimelifikiri swali lake hadi jioni. Tangu nibatizwe hakuna aliyewahi kuniuliza kama naamini. Wameniuliza kama vitambaa vimekauka.

Ijumaa, 13 Desemba

155 kwa 94. Mvua. Mkaa umelowa. Mwimbaji wa sauti ya kwanza kaniamkia, sijui anataka nini.

Jumapili, 15 Desemba

156 kwa 94.

Jumapili ya furaha, kasula ya rangi ya waridi. Padre huichukia, husema anafanana na kitambaa cha sofa. Leo aliivaa bila neno, na hilo limenisumbua kuliko kama angelalamika. Alihubiri dakika nne. Watu walifurahi, wakasema amekuwa bora.

Mjane hakupokea tena. Nje ya kanisa akanishika mkono.

"Dada, hivi Padre ni mkali kwenye kitubio?"

"Mkali wapi. Huyo hata panya anamwomba radhi. Una nini?"

"Nimeuliza tu."

Nimeenda nyumbani sijui nani anamwogopa nani.

Jumanne, 17 Desemba

Presha 171 kwa 101.

Nilikuwa nafuta vumbi meza ya Padre. Kulikuwa na barua imeanza kwa jina la Askofu, haijatiwa kwenye bahasha. Barua iliyoachwa wazi mezani kwa mtu anayefuta vumbi si siri. Nasoma polepole, lakini nafika.

Ameandika kwamba anaomba kuacha altare baada ya Noeli. Si kupumzika, kuacha. Kwamba amegundua anatumikia asichokitambua, na si haki kwa watu. Kwamba mtu mmoja alikwenda kaburini na mkate mtupu kwa mkono wake. Ameandika vizuri, hakuna doa la wino. Tarehe ya juu ni ishirini na sita, kwa hiyo atangoja Noeli ipite.

Nimeiacha kama ilivyokuwa. Nimerudi jikoni nimeunguza maharage, mimi, ambaye sijaunguza kitu tangu padre wa pili.

Nieleze hapa ninachojua, kwa sababu hakuna mwingine anayekijua. Padre anadhani imani yake imeoza. Imani yake haikuwa na kosa. Aliandaliwa meza na mwanamke aliyenuna, siborio ikafichwa nyuma ya maua, na mwanamke huyohuyo akakaa akitazama. Hilo tu. Mtu huyo anataka kutupa maisha yake yote kwa sababu ya mshumaa uliopinda.

Jumatano, 18 Desemba

Presha 166 kwa 98. Nilitaka kumwambia wakati wa chai. Akasema chai ni nzuri, nikashindwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Presha 164 kwa 97.

Tunajenga pango la Noeli. Mimi na Katekista tunapanga majani makavu, Padre kakaa kwenye ngazi ya altare ameshika ng'ombe wa udongo.

"Huyu alikuwa palepale," akasema. "Mungu amelala kwenye hori lake, naye anakula majani. Hakujua."

"Ng'ombe si muumini, Padre," nikamwambia. "Lete, mguu wake una gundi mbichi."

"Kule alikuwepo, hawakumwona. Hapa hakuwepo, na sisi tukamwona. Nihubiri nini, Bibi?"

Katekista akainama kwenye majani kama anatafuta sindano. Ningeweza kusema palepale. Hatua chini ya tisa.

Ijumaa, 20 Desemba

Presha 172 kwa 100.

Siku ya maungamo. Amekuja kusaidia yule padre mzee wa parokia jirani. Sikio lake moja halisikii na la pili linasikia likipenda, kwa hiyo foleni yake ilifika hadi mlangoni. Kwa Padre wetu hakukuwa na mtu hata mmoja. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, viatu vyake vinaonekana chini.

Nilisimama foleni ya mzee. Mbele yangu watu kumi na nne, wote wanajifanya hawajui kwa nini wamechagua upande huo. Nilipofika wa tano nikavitazama viatu vile. Nikatoka foleni. Yule wa nyuma akaniuliza, "Bibi, umekata tamaa?" Nikamwambia asogee mbele, dhambi zake zinanuka.

Nilipiga magoti kwa Padre nikasema kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa. Kwamba niliona. Kwamba nilikaa kwa hasira. Kwamba nilimwona akienda kwa Fundi Saa. Kwamba nilimdanganya jikoni nina kiazi mkononi. Nikamwambia pia kwamba kunikemea mbele ya kwaya ni kosa lake na hilo aungame yeye.

Nilisikia mzee wa ng'ambo akisema "Nini?" kwa sauti, na foleni yake yote ikajikunja.

Kisha Padre akasema: "Bibi, unajua sheria ya mahali hapa. Ulichoniambia nimekizika. Nikitoka nyuma ya pazia hili sikijui. Sitakuuliza, sitakutazama kwa jicho jingine, sitakitumia hata kujisaidia mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja hapa."

Akanipa maondoleo. Nilitegemea anipe Salamu Maria kumi kwa malipizi. Akasema, "Malipizi yako ni kufikiri ni nani mwingine anayestahili kusikia."

Hiyo ndiyo shida ya padre anayefikiri.

Jumamosi, 21 Desemba

Presha 150 kwa 92. Mjukuu amefurahi, kasema dawa zimeanza kufanya kazi. Nimemwacha afurahi.

Padre ni yuleyule. Kaja jikoni, kaniuliza kama najua siku nyingine ambayo kosa kama lile liliwahi kutokea. Uso mtupu, kama maji. Nilimkazia macho nione kama atapepesa. Hakupepesa. Barua bado iko mezani.

Jumapili, 22 Desemba

Presha 157 kwa 95. Yuleyule. Kasema hata chumvi imezidi, sawa na siku zote.

Mtu huyu anajua na hajui. Nimemwekea dawa mkononi, kisha nikamfunga mkono. Nilitaka apone bila mimi kuonekana.

Jumatatu, 23 Desemba

Presha 169 kwa 99.

Nilimngoja amalize kula. Nikatoa sahani, nikafuta meza, nikakaa. Sijawahi kukaa meza ile, mimi husimama.

"Padre, nakuambia jambo hapa jikoni."

Akaweka kitambaa chake chini polepole. "Hapa?"

"Hapa. Hakuna pazia."

Nikasema yote tena. Mara ya pili ni ngumu zaidi, maana unaona uso. Nilipomaliza akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Hukuja kupokea siku ile?"

"Sikuja."

"Kwa nini?"

"Nije kupokea mkate wa kawaida? Mkate ninao nyumbani."

Padre akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikakasirika, maana nilikuwa nimejiandaa kukemewa.

"Kwa hiyo mmoja alijua," akasema.

"Nilijua kwa macho, Padre. Usinipambe. Sio imani, ni kukaa benchi la kwanza."

"Sawa. Lakini ulijua ni kitu gani hakipo pale, ukakataa kupokea bila hicho. Wengine tulipokea tu." Kisha akaacha kucheka. "Na Fundi Saa?"

"Huyo ndiye ananikosesha usingizi."

"Na mimi," akasema. "Mkewe hajui. Nani atamwambia?"

Nilikuwa najua jibu tangu Ijumaa.

Jumanne, 24 Desemba

Sikupima.

Nilikwenda kwa mjane baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anakunja nguo za marehemu. Nikamwambia nikiwa nimesimama, mwamvuli bado unadondosha maji sakafuni kwake. Alisikiliza akiendelea kukunja.

"Uliona Jumapili asubuhi," akasema.

"Ndiyo."

"Na Jumatatu ukaja kunichotea maji."

"Ndiyo."

Akaliweka shati juu ya jingine, akalainisha ukosi. Nilitegemea anifukuze, nilikuwa nimekwisha fikiria njia ya kurudi. Badala yake akafungua chumba cha kazi cha marehemu, kile ambamo hakuna aliyeingia tangu msiba. Meza imejaa vikopo vya skrubu ndogo na vioo vya saa. Katikati pamefagiliwa, kuna kopo moja bapa juu ya kitambaa cheupe. Akalifungua. Ndani kulikuwa na leso safi, na ndani ya leso hostia, ukingo mmoja umelowa zamani na kukauka, umejikunja.

"Hakumeza, dada. Padre alipotoka tu, aliisukuma kwa ulimi, nikaikinga kwa kiganja. Nikasema nimkimbilie Padre, lakini pumzi za mgonjwa zikabadilika, nisingeweza kumwacha. Alfajiri akaondoka. Baada ya hapo niliogopa. Nilisikia kwamba kuificha Ekaristi nyumbani ni dhambi ambayo hata padre haondoi, mpaka Askofu."

"Ndiyo maana hukupokea."

"Ningepokeaje na Huyu yuko kwenye kopo? Kila asubuhi nafungua, napiga magoti, namwomba radhi kwamba mahali hapa si pake, nafunga."

"Si Yeye," nikasema. "Ni mkate. Ndilo ninalokuambia."

Alihesabu midomoni. "Siku ishirini na tatu."

Akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kwanza alicheka kidogo puani, halafu akalia, yeye ambaye kaburini hakulia. Sikujua kama nimemwondolea mzigo au nimemnyang'anya kitu. Magoti yake, niliyaona gauni lilipopanda, yalikuwa yamechubuka.

"Sasa nifanye nini nayo?" akauliza.

Nilikuwa na jibu. Niliona kwa macho yangu, mkate ule haukugeuzwa, ungetupwa kwa kuku na hakuna dhambi. Mdomo wangu ukakataa kulisema. Mimi, ambaye mdomo haujawahi kunikatalia.

Tulikwenda kwa Padre chini ya mwamvuli mmoja, yeye ameshika kopo kwa mikono miwili, mimi nalowa bega. Padre alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akachukua bilauri safi, akatia maji, akaiweka hostia ndani kama sheria inavyotaka kwa hostia iliyo takatifu. Tukakaa watatu kuizunguka meza tukingoja iyeyuke. Ilichukua muda.

"Padre," nikasema, "ni mkate."

"Najua, Bibi. Una haraka?"

Ilipokwisha kuyeyuka akanipa bilauri, akasema nimwage pale ninapomwaga. Nikamwaga. Niliporudi mjane alikuwa anaungama mlangoni kwa sauti ya chini, wamesimama wima kama watu wanaoagana. Alipoondoka, Padre alibaki anatazama mvua.

"Siku ishirini na tatu," akasema. "Mimi sijapiga magoti hivyo tangu siku ya upadrisho. Na hakukuwa na kitu kwenye lile kopo."

"Hakukuwa na kitu."

"Unasema hivyo, lakini hukuitupa ile hostia."

Nilikuwa na kasula nyeupe ya kupiga pasi.

Jumatano, 25 Desemba, Noeli

Misa ya saa tatu asubuhi, kanisa limejaa hadi nje. Mvua imekatika.

Padre alihubiri bila karatasi. Aliwaambia watu kosa la Jumapili ya kwanza ya Majilio, waziwazi, tarehe na saa. Alisema waliochukua mkate siku ile hawakutenda dhambi, na kwamba aliyekuja kwa moyo hakuondoka mikono mitupu. Alisema alidhani imani ni kutambua, akajikuta hatambui, akataka kukimbia. Amejifunza kwa mtu ambaye hatamtaja kwamba mtu anaweza kupiga magoti gizani na magoti yake yakahesabiwa. Kisha akasema: "Kosa lilikuwa langu peke yangu. Sikutazama."

Akaishia hapo. Mimi hakunitaja. Alikuwa ameamua kunibebea.

Nikainuka. Yule mwimbaji wa sauti ya kwanza alivuta pumzi, nadhani alifikiri nakwenda kwenye mishumaa. Nikageuka kuwatazama watu, nikasema:

"Padre kawaambia nusu. Mimi niliiona siborio mezani kabla ya mageuzo. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa amenikemea, na nilitaka akosee. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye neno anikute sakristia."

Hakuna aliyekohoa. Mjukuu wangu alikuwa benchi la nne amefunika mdomo. Mjane alikuwa ananitazama moja kwa moja.

"Asante, Bibi," Padre akasema. "Tusimame, tukiri imani yetu."

Siku ya Noeli, katika sala ile, tukifika mahali Mungu anapokuwa mwanadamu, kanisa zima hupiga magoti, kisha huinuka na kuendelea. Leo tulipiga magoti. Padre naye. Tukangoja ainuke ndipo tuendelee, maana yeye ndiye anayeongoza. Hakuinuka. Watu wakaanza kutazamana. Nilikuwa naona mgongo wake na kasula niliyoinyoosha jana, imekunjamana chini, na sikusema kitu, na wala sikuhesabu hatua. Tulikaa hivyo magotini, kanisa zima, mpaka alipomaliza.

Kisha mjane alikwenda kupokea. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Ijumaa, 27 Desemba

Presha 141 kwa 85.

Hakuna aliyekuja sakristia na neno, isipokuwa yule mwimbaji. Kaleta kitambaa cha altare alichokidarizi mwenyewe. Mishono si mibaya.

Nimefuta vumbi mezani kwa Padre. Barua haipo. Sikutafuta kwenye ndoo ya taka, nina heshima zangu. Saa nne akaingia kutoka bustanini na bahasha nyingine mkononi, imekwisha fungwa.

"Hii naipeleka mwenyewe kwa Askofu," akasema. "Nimemwandikia yote yaliyotokea. Nimemwambia kama atakubali, nabaki."

"Bado hutambui kitu?"

"Bado, Bibi. Leo asubuhi altareni, mkate ni mkate tu machoni pangu."

"Na unabaki."

"Nabaki."

Nikamwambia kama anabaki, basi avue viatu mlangoni, nimetoka kupiga deki.